Mwanga wa Sebuleni kwa Bi Mwanahawa

Bi Mwanahawa alizikwa kwao Mikindani kabla mimi sijapata basi. Nilifika nyumbani kwake, mtaa wa Rahaleo mjini Mtwara, hitma imekwisha kusomwa, masufuria ya pilau yanasuguliwa uani, na watu wachache waliobaki wamekaa mkekani wakizungumza bei ya saruji na harusi ya mtu fulani, kama inavyokuwa watu wakishachoka kulia. Tatu, aliyekuwa mpangaji mwenzangu katika nyumba ile, alinishika mkono akanipeleka hadi sebuleni. Nikasimama chini ya taa, na badala ya kumwombea marehemu nikafanya ninachokifanya kila ninapoingia chumba chochote tangu mwaka ule niliokaa kwake: nikakisia mwanga. Kama lux mia mbili hivi, kwa kipimo cha mwanga. Mwanga wa kutosha kula, kuzungumza, kutafuta kiatu kilichopotea. Sidhani kama kuna mtu mwingine aliyeingia matangani akaanza kwa kuipigia hesabu taa. Nimejaribu kuiacha tabia hiyo nikashindwa, na ninaandika kurasa hizi nikijua kabisa kwamba hazitanisaidia kuiacha.

Nilihamia kwake mwaka uliofuata kuhitimu kwangu, nikiwa na shahada ya uhandisi wa elektroniki na hofu ya kila kitu. Ya nyumbani kwetu nitayaacha. Itoshe kusema nilikuwa mtu wa kufunga kufuli, kwenda hatua chache, kurudi kulitikisa, kisha kukaa kibarazani nikijiuliza kama kulitikisa kwenyewe hakujalilegeza. Nikituma maombi ya kazi niliyasoma tena baada ya kuyatuma, nikatafuta kosa, na siku zote nililipata. Majibu hayakuja. Chumba changu kilikuwa cha pili kushoto, kina dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na meza niliyoijaza nyaya, bodi ndogo za kielektroniki na chuma cha kulehemu ambacho Tatu alikataa kabisa kukigusa. Tatu alikaa chumba cha uani. Alitoka Nanyamba, aliuza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, na mihogo ya kukaanga karibu na soko, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake, hasa akikasirika au akitania, na mara nyingi alifanya yote mawili kwa pamoja. Mimi aliniita Injinia tangu siku ya kwanza. Alilitamka jina hilo kwa namna ambayo sikuweza kujua kama ananisifu.

Bi Mwanahawa alishona baraghashia. Wako wanawake wengi wa Mikindani walioijua kazi hiyo zamani, lakini yeye alikuwa katika wachache waliobaki wanaoishona yote kwa mkono: anatoboa kitambaa cheupe tundu dogo kama punje ya ufuta, anazungusha uzi kulikaza, anahamia la pili, mpaka matundu yenyewe yanakuwa ua au nyota. Kofia moja ilimchukua wiki nyingi. Alikaa kwenye kiti cha mbao chini ya taa ya sebuleni, miguu juu ya kigoda, redio ikisoma salamu za wagonjwa, na ndiyo picha niliyomkuta nayo siku ninaingia na begi langu. Hakuinua uso. Alisema karibu mwanangu, maji yapo mtungini, na umeme wa nyumba hii usiutegemee, siku hizi umefifia mno.

Hilo la umeme ndilo lililokuwa gumzo la nyumba. Ukiishi Mtwara huhitaji kuelezwa. Tumeshazoea umeme unaokatika mchele ukiwa nusu, unaorudi kwa kishindo ukaunguza friji, unaokuja hafifu mpaka feni inazunguka kama inabembelezwa. Kila mtu ana hadithi yake, na kila hadithi inaishia kwenye gesi, kwamba inatoka ardhini kwetu hapa na sisi wenyewe tunakaa gizani. Kwa hiyo Bi Mwanahawa aliposema taa inafifia, hakuna aliyeuliza swali. Tuliitikia kama watu wanavyoitikia dua. Tatu alisema hata sokoni ni hivyo hivyo. Jirani akasema kwake ni zaidi. Tulibadilisha balbu, tukaweka kubwa zaidi. Bi Mwanahawa akashukuru, na baada ya wiki akasema nayo imeanza kufifia. Tukasogeza kiti. Tukafuta vumbi kwenye kioo cha taa. Alipomimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani, alisema mnaona sasa, ndiyo haya, na sote tukawalaumu watu wa umeme. Alipojigonga bega kwenye fremu ya mlango aliyoipita maisha yake yote, Tatu alimtania kwamba nyumba imemchoka inataka kodi. Bi Mwanahawa alicheka sana siku ile. Ninakumbuka alivyocheka kwa sababu mkono wake ulikuwa bado umeshika bega.

Kofia zake alizichukua Bhai Murtaza, mfanyabiashara wa Mikindani ambaye babu yake aliuza vitambaa katika duka hilohilo, na ambaye sasa upande mmoja aliuza kanzu na kofia, upande mwingine betri, soketi na taa za sola. Nilikwenda mara kwa mara kumtengenezea taa zilizorudishwa na wateja. Siku moja nimeinama nyuma ya kaunta nikamsikia akimwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba kofia za Bi Mwanahawa hazikai sawa siku hizi, nyota za upande mmoja zinapanda. Mkewe akajibu kwamba mama wa watu anashona gizani, afanyeje. Nilirudi Rahaleo na maneno hayo yakinizunguka kichwani, na kwa jinsi akili yangu inavyokwenda, kufika nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Nitaupima mwanga wa sebule. Nitaupima asubuhi, mchana na jioni, nitachora mchoro unaoonyesha jinsi unavyoshuka, na Bi Mwanahawa ataupeleka ofisi ya umeme. Huwezi kubishana na namba, nilimwambia. Yeye akasema, "Haya mwanangu, tupate ushahidi. Maana nikisema mimi wananiona mzee mlalamishi."

Wakati ule niliamini kwamba kupima kitu ni namna ya kukitendea wema. Niliagiza kihisi mwanga kupitia Bhai Murtaza, kikaja na mzigo wake kutoka Dar es Salaam, kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, chenyewe si kikubwa kuliko ukucha. Nitaeleza kinavyofanya kazi kwa sababu niliwaeleza wao, sebuleni, juu ya sahani ya kisamvu, na Bi Mwanahawa alisikiliza kuliko mwalimu yeyote aliyewahi kunisikiliza. Viko vihisi vya kizamani ambavyo mwanga ukivipiga vinapitisha umeme kwa wepesi zaidi, basi, na kazi ya kukisia maana yake unaachiwa wewe. Hiki cha kidijiti kinafanya kazi nzima ndani kwa ndani. Kina kipande kidogo kinachozaa umeme kidogo sana kila mwanga unapokiangukia, mwanga mwingi umeme mwingi, na pembeni yake kuna sakiti inayougeuza umeme huo kuwa namba. Namba hiyo ndiyo lux. Unakiunganisha na bodi kwa nyaya nne: wa umeme, wa hasi, na mbili za mazungumzo. Katika hizo mbili, mmoja unapiga mdundo, mwingine unapitisha neno kidogo kidogo kufuata mdundo. Bodi inaita kihisi kwa anwani yake, kihisi kinaitika, kinasema namba, kinanyamaza. Kisipoitwa hakisemi.

"Ana adabu kuliko wapangaji," akasema Bi Mwanahawa.

Kwenye karatasi ya maelezo ya watengenezaji kulikuwa na sentensi niliyoisoma mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Ilisema kihisi kimeundwa kuuona mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na jicho la binadamu. Nililala nayo sentensi hiyo. Jicho la binadamu yupi, nilijiuliza, wa umri gani. Halafu nikajiambia kwamba hayo ndiyo mambo yangu ya kufikiri hadi kitu kinapoteza maana, nikaendelea kulehemu.

Nilikiweka kihisi mapajani mwake, juu ya kofia, pale sindano ilipokuwa. Kiliitika: mia mbili na kitu. Sikuona ajabu, ni kiasi cha sebule nyingi, ila kwa ushonaji wa matundu madogo ni kidogo, na nilifurahi kwa sababu nilikuwa na jambo la kurekebisha. Lakini nilipoendelea kukiacha pale siku nzima, kisha siku zilizofuata, mchoro niliokuwa nautazamia haukuchoreka. Mstari ulikwenda sawa. Umeme ulipungua kweli siku nyingine, feni ikalegea, taa haikujali, kwa sababu balbu za siku hizi zina sakiti inayoshikilia mwanga hata umeme ukishuka. Nililijua hilo. Nilifundishwa, nikafanyia mtihani, nikalisahau kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa ikisema vingine na mimi nilikuwa mmoja wa nyumba.

Nikaleta taa ya meza kutoka chumbani kwangu, nikaiinamisha karibu na bega lake. Namba ikapanda ikapita elfu moja. Tatu akaziba macho na kusema tunamkaanga bibi wa watu. Bi Mwanahawa akaigeuza kofia mkononi, akaileta puani, akaipeleka mbali, akatafuta tundu kwa ncha ya sindano, akalikosa, akajichoma kidole.

"Bado giza," alisema.

Tatu aliniangalia, nami nikaiangalia skrini ndogo ya bodi inayoonyesha namba. Kisha, kwa kuwa mimi ni mimi, nikaanza kukituhumu kihisi. Nikasema labda kimeharibika njiani, labda anwani imegongana, labda waya wa data umelegea na namba ninazosoma ni uongo. Nikaagiza cha pili. Vihisi viwili vya aina moja vina anwani moja, vikiwekwa pamoja vinaitika kwa pamoja na husikii chochote, kwa hiyo mguu mmoja wa kile kipya niliuunganisha na umeme ili kibadili anwani, nikaviweka bega kwa bega. Bodi ikaita cha kwanza, ikaita cha pili. Vilikubaliana. Nikavibadilisha nafasi, vikakubaliana. Nikavitoa kibarazani juani vikakubaliana. Nilikuwa tayari kuagiza cha tatu. Tatu ndiye aliyenikuta nimekaa sakafuni na nyaya, akachuchumaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza hakuniita Injinia, aliniita kwa jina langu.

"Somoe," akasema, "hiyo mashine haina kosa. Mimi ntu wa kuuza ming'oko nimeshaelewa, na wewe umeelewa kabla yangu. Ni bibi. Sasa nani atamwambia?"

Hatukumwambia. Hilo nalo ni la kwetu, kwamba habari nzito haitupwi usoni, inazungushwa mpaka mwenyewe aifikie. Tatu alijidai anaumwa macho, anataka kwenda kupima na anaogopa kwenda peke yake. Bi Mwanahawa alivaa baibui lake jipya akamsindikiza, na mimi nikawafuata nimebeba chupa ya chai. Alijua. Nina hakika alijua, kwa sababu njiani alimwambia Tatu amshike mkono, eti Tatu asianguke.

Hospitalini walimkalisha mbele ya kifaa chenye umbo la bakuli kubwa jeupe. Mgonjwa anaegemeza kidevu, anatazama katikati, na vinukta vya mwanga vinawaka huku na huku ndani ya bakuli, vingine vikali, vingine hafifu. Kila akikiona kimoja anabonyeza kitufe. Niliruhusiwa kusimama mlangoni. Nilitazama kidole gumba chake. Vinukta viliwaka juu, vikawaka kushoto, vikawaka chini, kidole hakikutikisika. Mara mojamoja kikabonyeza, kwa kinukta cha katikati kabisa, halafu kikatulia tena kwa muda mrefu, na yeye ameketi wima, mtiifu, anasubiri kazi ianze. Alipotoka aliniinamia sikioni, asije akawaaibisha wenyeji.

"Mashine yao mbovu," alininong'oneza. "Taa zake haziwaki."

Daktari alikuwa kijana, mpole, na alisema yote kwa Kiswahili chepesi. Ni presha ya macho. Inakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, inaanzia pembeni inakuja katikati, haiumi, haina haraka, na mtu hajui kwa sababu kila siku anazoea kile kilichobaki. Kilichokwenda hakirudi. Matone yatajaribu kukizuia kilichobaki, ingawa kwake kimebaki kidogo. Bi Mwanahawa alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja, kama miwani haitafaa. Daktari akasema haitafaa. Bi Mwanahawa akamshukuru, akamwombea kheri na ndoa njema, na nje kwenye korido akakaa kwenye benchi akasema tumpe dakika, viatu vinambana.

Kilichobaki kilikwenda upesi kuliko alivyosema daktari. Matone aliyatia kwa saa, Tatu akimshikia kichwa, na mimi nikihesabu nafsini kama tone limeingia jichoni au limeteleza shavuni. Aliendelea kushona kwa kupapasa. Kwa muda vidole vilijua njia, halafu navyo vikapotea, na kofia ya mwisho ilikuwa na matundu yaliyotawanyika kama kitambaa kilichotafunwa na mende. Bhai Murtaza alikuja mwenyewe siku hiyo, akakaa, akanywa chai ya tangawizi, akaipokea kofia kwa mikono miwili, akaisifu. Kisha akasema biashara ya kofia imekufa, Bi mkubwa, vijana wananunua za mashine kutoka China, itabidi tupumzike kwanza. Bi Mwanahawa akasema ndiyo dunia ilivyo. Waliongea muda mrefu kuhusu vijana na kofia za China. Nilikaa nao nikiwa na namba zangu zote kichwani, na nikaona kwamba uongo wa yule mtu ulikuwa umefanya kwa dakika chache kile ambacho vihisi vyangu viwili visingekiweza kamwe. Lakini haukumrudishia hata tundu moja la kofia. Baada ya yeye kuondoka, Bi Mwanahawa alikunja kitambaa kilichobaki, akanipa nifutie vyombo.

Miezi ile Tatu aliacha utani, na bila utani wake nyumba ilikuwa na sauti ya vijiko tu. Tulijifunza kumweleza Bi Mwanahawa sahani kama uso wa saa: samaki yuko juu, ugali upo karibu nawe, kisamvu kulia. Alikasirika mara moja tu, akasema yeye si saa ya ukutani. Baadaye akaanza kuuliza mwenyewe. Na jioni moja nikiwa natoa nyaya mezani ili nizifungie kwenye boksi, maana sikutaka tena kuziona, akaniuliza kama kile kidude bado kinaitika. Nikasema kinaitika.

"Nipimie basi. Kuna ngapi hapa sasa?"

Nikamwambia mia mbili na kumi. Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, ehee, kumbe nyumba inang'aa. Tangu hapo ikawa desturi. Asubuhi akitoka kibarazani aliuliza, nikamwambia elfu kadhaa, akasema leo kuna mawingu, na kweli kulikuwa na mawingu. Alijifunza namba kama alivyokuwa akijua uzi. Nilianza kuogopa kuulizwa. Kila alipouliza nilihisi kama ninamsomea orodha ya vitu alivyonyang'anywa, kwa lux, na yeye ananishukuru. Nilifikiria kusema kimeharibika. Nilifikiria kumpa namba ndogo, ili tofauti kati ya chumba na macho yake isiwe kubwa hivyo. Sikufanya lolote kati ya hayo, na sijui hadi leo lipi lingekuwa bora. Ndipo nilipopata kazi, Dodoma, barua ikaja wakati nimeshaacha kuingoja, na hata furaha yake niliikagua mpaka ikaisha.

Wiki ya mwisho, baada ya magharibi, tumekaa sebuleni watatu, umeme ukakatika. Mtaa mzima ulizimika, mawingu yalikuwa yamefunika anga, na hata mstari wa mwanga chini ya mlango ukapotea. Bodi ilikuwa kwenye betri, kwa hiyo haikuzimika. Bi Mwanahawa alisikia feni ikifa na majirani wakiguna.

"Umekatika?" aliuliza.

"Umekatika, bibi."

"Ngapi sasa?"

Niliigeuza skrini. "Sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa, bibi. Ukiacha hii namba, sioni hata mkono wangu."

Nilimsikia akivuta pumzi na kuegemea, mbao za kiti zikalia. "Basi leo tuko sawa," alisema. Tatu akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani, halafu hakikuendelea. Nilipapasa mkekani kutafuta simu niwashe tochi, na nadhani aliusikia mkono wangu.

"Usiwashe kwanza," alisema. "Kaeni nami kidogo."

Tukakaa.